Theluji ikizidi Buffalo: mguu, basi na gari

Kila Novemba, theluji ya kwanza ikitangazwa, simu yangu hujaa maswali ya ndugu zetu waliofika mwaka huohuo hapa Buffalo, jimbo la New York, Marekani. Wengi wametoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kama mimi, wengine Burundi, wengine ni watu wa Uvira na Baraka, mashariki mwa Kongo, waliopitia Kampala au Bujumbura. Dada, ninunue viatu gani? Dada, basi litapita? Dada, gari langu lina matairi ya kawaida, nitafika kiwandani? Huwa nawajibu mmoja mmoja usiku nikitoka zamu. Safari hii nimeamua kuyaandika yote mahali pamoja, tena kwa urefu, kwa sababu theluji ya mji huu imeua watu, na baadhi yao iliwakuta njiani tu, wakitembea au wakiwa wamekaa ndani ya magari yao.

Nitaanza na ziwa, maana asiyelielewa ziwa hawezi kuielewa theluji ya huku. Sisi wa kando ya Tanganyika tumezoea ziwa la kina cha mita 1,470 kwenye shimo lake kubwa, ambalo maji yake hayana haraka ya kubadilika joto. Ziwa Erie lina kina cha mita 19 hivi kwa wastani, na hakuna lenye kina kifupi kama hilo kati ya Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini. Kiangazi linapata joto upesi. Inapofika Novemba na Desemba, joto hilo bado limo majini, huku juu yake unapita upepo uliobeba baridi kali ya Kanada. Upepo unabeba mvuke na joto, hewa inapanda, mawingu yanajipanga kama mkanda mrefu mwembamba, na mkanda huo unamwaga theluji pale unapogusa nchi kavu. Ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita 388 na limelala kuelekea kaskazini mashariki, na kwenye ncha yake ya huko ndiko mji wetu ulikokaa. Upepo ukivuma kutoka kusini magharibi, unakuwa umepita juu ya maji urefu wote wa ziwa kabla ya kutufikia. Kwa mwaka wa kawaida tunapata zaidi ya mita mbili za theluji.

Ziwa likishaganda, kwa kawaida Januari au Februari, mvuke hupungua na theluji ya namna hii nayo hupungua. Wazee wa mji hawapumziki hata hapo, kwa sababu wanaikumbuka Januari 1977. Mwaka ule ziwa liliganda mapema, theluji ikajirundika juu ya barafu kwa wiki kadhaa, kisha tarehe 28 Januari upepo mkali ukaizoa yote na kuileta mjini. Iliyoanguka kutoka mawinguni siku zile haikuwa nyingi. Upepo ndio uliofukia magari yakiwa barabarani, na baadhi ya watu walikutwa wamekufa ndani ya magari hayo. Basi unaposoma utabiri, usiangalie sentimita peke yake. Angalia upepo.

Jambo la pili kuhusu mkanda ule ni wembamba wake. Novemba 2014 vitongoji vya kusini na mashariki kama Lancaster na Cheektowaga vilipata zaidi ya mita moja na nusu, wakati watu wa kaskazini mwa mji walikuwa na sentimita chache wanazoweza kuzifagia kwa ufagio. Magari mengi yalinasa kwenye barabara kuu ya Thruway, likiwemo basi la timu ya mpira wa kikapu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Niagara, lililokaa palepale kwa zaidi ya saa 24. Novemba 2022 kitongoji cha Orchard Park kilipata karibu mita mbili, hata mechi ya Buffalo Bills, timu yetu ya mpira wa Kimarekani, ikahamishiwa Detroit. Kwa msafiri maana yake ni hii: dirisha lako halikwambii chochote kuhusu unakokwenda. Unaweza kutoka Grant Street jua linawaka, na baada ya dakika kumi ukaingia kwenye ukuta mweupe usioona hata boneti ya gari lako. Uliza habari za kwako, za kazini, na za barabara iliyo katikati.

Yapo matangazo ya aina mbili yanayochanganya watu, hasa yakitoka kwa Kiingereza cha haraka kwenye simu. Aina moja ni ushauri: usisafiri kama si lazima. Nyingine ni marufuku ya kuendesha gari, na hiyo ni amri. Ukikutwa barabarani unaweza kuandikiwa faini, isipokuwa kama kazi yako ni ya dharura. Na neno la dhoruba kubwa wanayoiita blizadi halitumiki ovyo. Ofisi ya hali ya hewa hulitumia upepo unapofika angalau kilomita 56 kwa saa, macho hayaoni zaidi ya mita 400 hivi, na hali hiyo ikae kwa saa tatu au zaidi. Ukisikia neno hilo, hakuna kutembea na hakuna kuendesha. Yote nitakayosema hapa chini ni ya siku za theluji nzito ambazo bado mtu anaweza kupita. Siku ya blizadi ni ya kukaa ndani.

Natangulia na mguu kabla ya gari. Karatasi nyingi tunazogawiwa kwenye ofisi za kupokea wakimbizi zinazungumza na mtu mwenye gari, wakati aliyefika miezi mitatu iliyopita hana gari wala leseni. Huyo anatembea hadi kituoni, anasimama, anapanda, anashuka, anatembea tena, mara nyingi kukiwa na giza. Desemba jua hapa linazama kabla ya saa 11 jioni na kuchomoza karibu saa 2 asubuhi. Anayeingia alfajiri na kutoka jioni halioni kabisa.

Mavazi kwanza. Koti kubwa la msaada ni zuri lakini halitoshi, na fulana ya pamba chini yake ni adui. Pamba ikilowa jasho haikauki, inakaa kwenye ngozi na kunyonya joto lako. Vaa kitu chembamba kisicho cha pamba kwenye ngozi, juu yake sufu au sweta nene laini, na juu kabisa kinachozuia upepo na maji. Viatu vya buti vizidi mguu wako kidogo ili soksi nene ziingie bila kubana. Mguu uliobanwa unakosa damu, na usio na damu ya kutosha unaganda kabla ya mwingine. Glavu zinazounganisha vidole vinne pamoja zina joto kuliko zile za kidole kimoja kimoja. Funika masikio. Nyuzi 18 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 24 kwa saa, ngozi iliyo wazi inaweza kuumia kwa baridi ndani ya nusu saa, na nusu saa ni muda wa kawaida wa kungoja basi lililochelewa.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu wengi hawaambiwi. Maelezo ya kuumwa na baridi yanasema ngozi hugeuka nyekundu kisha nyeupe. Kwenye ngozi yetu nyeusi hutaona hivyo. Inaweza kuwa ya kijivu, au ikapauka kama yenye majivu na kuwa ngumu kidogo, na wakati mwingine, usiku kwenye taa ya kituo cha basi, hutaona mabadiliko yoyote. Usisubiri macho. Kidole kilichokuwa kinauma kikiacha kuuma na kuwa kama si chako, hiyo ndiyo dalili. Ingia ndani mahali popote: duka, kanisa, kituo cha mafuta. Usikisugue, na usikipake theluji hata kama mtu atakwambia ndivyo inavyofanywa. Kitie kwenye maji ya vuguvugu, na kama hisia hairudi, nenda hospitali.

Sasa hatua zenyewe. Wengi wetu tumekulia kwenye udongo mwekundu wa Kasulu, na masika yalitufundisha kukaza vidole na kukanyaga kwa ncha ya mguu ili tusianguke. Kwenye barafu ufundi huo unakuangusha. Huku weka unyayo wote chini kwa pamoja, hatua iwe fupi, magoti yalegee, mwili uelekee mbele kidogo ili uzito wako uwe juu ya mguu wa mbele. Mikono itoke mifukoni. Usibebe mizigo miwili mizito mikononi. Weka begi mgongoni. Ipo mipira yenye meno ya chuma inayovalishwa chini ya kiatu, na haiuzwi ghali. Inasaidia sana, lakini ivue ukifika mlango wa duka, kwa kuwa kwenye vigae meno yale yanateleza vibaya.

Kina mama wenzangu, la mtoto mgongoni linanipa wasiwasi kila mwaka. Kuteleza kwenye barafu mara nyingi humwangusha mtu chali, na mtoto aliyefungwa kwa kitenge mgongoni ndiye atakayefika chini kwanza. Siku ya barafu usimbebe hivyo. Wenyeji wanawaweka watoto kwenye kisahani cha plastiki cha kutelezea na kuwavuta kwa kamba juu ya theluji, na hilo si mchezo tu, ni usafiri mzuri kabisa kwenye njia ambayo kigari cha mtoto hakipiti. Asiyetembea vizuri bado, akae nyumbani na mtu.

Theluji mpya, hata ikifika gotini, haitelezi sana. Inachosha. Hatari ni ile iliyokanyagwa na wengi hadi ikawa ngumu, na zaidi ni ile iliyoyeyuka mchana kwa jua na kuganda tena usiku. Hiyo ya mwisho haionekani. Ni utando mwembamba juu ya lami unaofanana na maji yaliyomwagika. Asubuhi baridi ikiwa kali na lami iking'aa kama imelowa, usiamini kwamba ni maji.

Halafu kuna suala la njia yenyewe. Kwa sheria za mji, mwenye nyumba ndiye anayepaswa kusafisha njia ya waenda kwa miguu iliyo mbele ya nyumba yake. Wapo wanaofanya kwa bidii, tena wengine wanasafisha hadi kwa jirani mzee. Wapo wasiofanya. Nyumba tupu, na zipo nyingi upande wa mashariki, hazina mtu wa kuzisafishia. Juu ya hayo, gari la kusukuma theluji linapofungua barabara kwa ajili ya magari, theluji yote linaitupa pembeni, yaani kwenye njia yetu, kwenye kona tunapovukia, na kwenye kituo cha basi. Barabara inakuwa nyeusi na safi saa 1 asubuhi, na mwenye miguu bado yuko kwenye rundo la kimo cha kifua. Sijui kwa nini jambo hili linachukuliwa kuwa la kawaida. Mji unaotumia fedha za wote kufungua njia ya gari na kumwachia mtembeaji huruma ya mwenye nyumba umeamua nani ana haki ya kufika kazini, hata kama hakuna aliyekaa kikao kuamua hivyo. Mwenye kiti cha magurudumu hafiki popote kwa wiki nzima.

Kwa hiyo mtu anatembea barabarani. Simpi lawama, mimi pia natembea hivyo njia inapokosekana. Ila fanya hivi: tembea upande ambao magari yanakuja yakikutazama, ili uyaone. Vaa kitu kinachong'aa kwenye taa, hata ile fulana ya kiwandani yenye mistari ya kuakisi mwanga, juu ya koti. Toa vipokea sauti masikioni. Theluji inameza sauti, na gari linaweza kuwa nyuma yako bila wewe kusikia tairi. Unapovuka, usitosheke na kuona kwamba dereva amekuona. Amekuona, amekanyaga breki, na gari bado linakuja, kwa kuwa kwenye barafu umbali wa kusimama unaweza kuwa mara kumi ya ule wa lami kavu. Subiri magurudumu yasimame kabisa.

Kituoni, usipande juu ya rundo la theluji lililo ukingoni ili dereva wa basi akuone. Rundo lile linateremka kuelekea barabarani, na basi nalo linaposogea linateleza kuelekea ukingoni. Kati ya vitu hivyo viwili hupaswi kuwepo. Simama nyuma, washa taa ya simu, inua mkono. Na kama safari yako inaweza kupita kwenye treni ya mjini, ichague hiyo. Ni njia moja tu, katikati ya mji hadi chuo kikuu cha Main Street, lakini sehemu yake kubwa iko chini ya ardhi, na huko upepo haufiki.

Nimekuwa na gari langu dogo la zamani kwa muda sasa, na bado naona kwamba aliyewahi kutembea kwenye theluji huendesha kwa adabu zaidi. Kuhusu gari, la kwanza ni matairi, na hapa ndipo ningewasihi watu waweke fedha kabla ya redio na rimu. Mpira wa tairi la kawaida huanza kuwa mgumu joto likishuka chini ya nyuzi 7, hata kabla theluji haijaanguka. Matairi ya baridi yametengenezwa kwa mpira unaobaki laini. Tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Funga yote manne. Ukifunga mawili tu, ncha moja ya gari itashika na nyingine itakimbia. Yaliyotumika kidogo yanapatikana kwa mafundi wetu hapa mtaani. Na mwenye gari linalovuta kwa magurudumu yote manne asidanganyike: gari hilo linaondoka vizuri kwenye theluji, lakini linaposimama halina faida hiyo. Nimeyaona mengi ya aina hiyo mtaroni.

Kabla ya kuondoka safisha gari lote. Sisemi kitundu cha kuchungulia kwenye kioo. Vioo vyote, taa zote, namba, na paa, kwa maana theluji ya paani ikiganda na kuruka mbele ya dereva wa nyuma yako inaweza kumvunjia kioo, na ukifunga breki inakuporomokea wewe. Usisahau kuzibua bomba la moshi, nitaeleza mbele. Mafuta yasishuke chini ya nusu tangi. Weka ndani beleshi fupi, kikwanguo, blanketi, nyaya za kuamshia betri, maji, chakula kisichoganda kwa urahisi, chaja ya simu, na mfuko wa mchanga au wa ule udongo wa vyoo vya paka, unaofaa sana kumwaga chini ya tairi linalozunguka bure. Katika jimbo la New York, wipa zikiwa zinafanya kazi, sheria inataka taa za mbele ziwake.

Ukiwa barabarani, kila kitu kifanyike polepole na mapema: kuongeza mwendo, kukata kona, kufunga breki. Kanuni ya sekunde mbili au tatu nyuma ya gari la mbele haitoshi. Acha nane hadi kumi. Gari likianza kuteleza, ondoa mguu kwenye mafuta, tazama unakotaka kwenda, na mikono igeuze usukani kuelekea huko. Ukiutazama mti utaugonga. Breki za ABS, zile zinazozuia magurudumu yasijifunge, zinapotetemeka chini ya mguu wako na kugonga, hazijaharibika, zinafanya kazi yake. Bonyeza kwa nguvu na usiachie. Daraja huganda kabla ya barabara, kwa sababu hewa baridi inalipiga juu na chini. Usiamini sana chumvi. Chumvi ya kawaida huishiwa nguvu joto likifika kama nyuzi 9 chini ya sifuri, na usiku wa baridi kuliko hapo barabara iliyomwagiwa chumvi inaweza kuwa barafu tupu. Gari la kusukuma theluji usilipite. Nyuma yake ndiko kuna barabara, na mbele yake hakuna.

Ukiingia ghafla kwenye mkanda wa theluji, usiwashe taa ndefu. Mwanga wake unarudishwa na theluji hadi machoni mwako na kukupofusha zaidi. Taa fupi, mwendo ushuke taratibu, na usisimame katikati ya njia, maana anayekuja nyuma haoni kama wewe usivyoona. Toka kwenye barabara kuu njia ya kutokea inapopatikana. Barabara ya juu ya Skyway iliyo kando ya ziwa mara nyingi hufungwa upepo ukizidi, na ikifungwa, ile ni ishara hata kwa asiyepanga kupita huko.

Na gari likinasa? Kaa ndani. Hili nalisema kwa nguvu zote, kwa sababu sisi ni watu wa kutembea. Tumetembea kutoka Fizi hadi ziwani, tumetembea kutafuta kuni, na akili yetu ya kwanza tukikwama ni kushuka na kwenda. Kwenye upepo wa theluji mtu hupoteza mwelekeo ndani ya hatua chache tu kutoka kwenye gari. Shuka tu kama unaliona jengo kwa macho yako na una hakika ya kulifikia. Vinginevyo piga 911, namba ya dharura, sema uko wapi, funga kitambaa cha rangi kali kwenye antena au mlango, jifunike.

Sasa lile bomba la moshi. Theluji ikiliziba huku injini inanguruma, moshi wake unarudi ndani ya gari, na ndani ya moshi huo kuna kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Mtu anasikia usingizi, kichwa kinauma, analala, haamki. Kwa hiyo washa injini dakika kumi tu kila saa ili upate joto, na kila mara kabla ya kuwasha, shuka uondoe theluji nyuma ya gari ukiwa umeshika gari lenyewe. Acha dirisha moja wazi kidogo upande usiopigwa na upepo. Chezesha vidole vya miguu na mikono. Mkiwa wengi, mmoja abaki macho.

Beleshi nalo linaua. Kila dhoruba kubwa huacha watu waliopata mshtuko wa moyo wakiondoa theluji. Rundo ambalo gari la kusukuma linaliacha mlangoni mwa njia ya gari lako limeshindiliwa, si ile theluji nyepesi ya uani, na mzee wa miaka 60 asiyefanya mazoezi asiligombee peke yake alfajiri kwa sababu amechelewa kazini. Vijana wa kwaya, nawaomba muwapitie wazee wetu.

Nimelitaja neno kazini mara nyingi, na huko ndiko moyo wangu ulipo. Desemba 2022 ofisi ya hali ya hewa ya Buffalo ilionya siku kadhaa kabla kwamba inakuja dhoruba ya mara moja kwa kizazi. Ijumaa tarehe 23 upepo na theluji vilishuka asubuhi. Kaunti ya Erie, ambamo Buffalo imo, ilitangaza marufuku ya kuendesha gari saa 3:30 asubuhi hiyohiyo. Saa hiyo watu wa zamu ya asubuhi walikuwa wameshaingia kazini, na wengine walikuwa barabarani. Blizadi ilikaa saa 37 mfululizo uwanja wa ndege wa Buffalo. Magari ya zimamoto, ya wagonjwa na ya kusukuma theluji yenyewe yalinasa, waokoaji wakawa wa kuokolewa, na kuna saa nyingi ambazo mtu alipiga simu ya dharura na hakuna aliyeweza kumfikia. Zaidi ya watu 40 walikufa, wengine ndani ya magari, wengine nje kwenye theluji, wengine nyumbani bila umeme wala joto. Weusi walikuwa wengi mno kati ya waliokufa mjini, kupita sehemu yao katika idadi ya wakazi. Marufuku ndani ya mji iliondolewa tarehe 29.

Siku zile kule Cheektowaga mtu mmoja ambaye gari lake lilikuwa limenasa alivunja dirisha la shule, akaingiza humo watu zaidi ya 20 waliokuwa wakiganda, wakala chakula cha jikoni mwa shule, naye akaacha barua ya kuomba radhi. Polisi walimshukuru. Nawasimulia kisa hiki wageni wote, kwa sababu wanaogopa sana kugusa mali ya watu katika nchi ambayo karatasi zao bado mpya. Kati ya kuganda na kuvunja kioo, vunja kioo.

Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo kukosa zamu siku ya dhoruba kulihesabiwa kama utoro, na pointi zikifika idadi fulani unafukuzwa. Wengi wenu mko mahali kama hapo sasa hivi. Mtu aliyefika juzi, mwenye kodi ya nyumba na deni la tiketi ya ndege iliyomleta la kulipa, hatakaa nyumbani kwa sababu mimi nimemwambia hali ni mbaya. Atatoka. Ndiyo maana nimeandika kwa kirefu namna ya kutoka. Lakini piga picha ya kila tangazo kwenye skrini ya simu yako, ikionyesha saa, na umtumie msimamizi ujumbe wa maandishi kabla ya zamu badala ya kupiga simu tu, ili ubaki na ushahidi. Mkiwa wengi wa zamu moja, andikeni pamoja.

Na kwa viongozi wa mji na kaunti, ambao najua kuna watoto wetu waliosoma huku wanaoweza kuwatafsiria haya: zamu ya saa 12 asubuhi inamtoa mtu nyumbani saa 10 alfajiri, kwa miguu. Kama dhoruba imejulikana tangu Jumanne, marufuku ya Ijumaa itangazwe Alhamisi jioni, itangazwe pia kwa Kiswahili, Kisomali, Kiarabu na Kiburma, na mwenye kiwanda alazimike kuwajulisha watu wake usiku huohuo kwamba asiyefika hatapoteza kazi wala malipo ya siku hiyo.